Sindano ilikuwa kwenye mkoba wangu

Nianze na mkoba. Mkoba wa kawaida tu wa mama mwenye mtoto mdogo, ndani kuna leso, nguo ya akiba, kalamu za rangi zilizopoteza vifuniko, chupa ya maji inayovuja, na chini kabisa kwenye kijifuko cha zipu kuna kalamu ya adrenalini ya miligramu 0.15, yaani sindano iliyojazwa tayari ya kuchoma aleji ikiwa kali, ambayo daktari alinielekeza jinsi ya kuitumia mwezi mmoja na nusu kabla ya siku hiyo, na mimi nikawa naitikia "sawa dokta, sawa dokta" huku akili iko kwenye foleni ya dirisha la dawa. Siku binti yangu alipokula korosho iliyosagwa kwenye keki, mkoba huo nilikuwa nimeuning'iniza begani muda wote. Sikuusahau kwenye gari, sikumwachia mtu. Nilikimbia nao hadi hospitali, unanipiga kiunoni kila hatua, na dawa yenyewe imo humohumo. Aliyekuja kumchoma mwanangu ni nesi, kwa dawa yao.

Nikisimulia hii watu wanasubiri niseme sikujua. Nilijua, yaani hapo ndo panapouma. Nilijua ana aleji ya korosho, nilijua kalamu ni ya nini, nilijua hata inachomwa wapi. Nilichokuwa sina ni ule uamuzi wa kuitoa.

Alikuwa na miaka 4 na nusu, kilo 17. Tulikuwa kwenye sherehe ya mtoto mwenzake. Akaja kwangu akasema "mama, ulimi wangu una nywele." Nikacheka, Mungu anisamehe, nikamwambia fungua mdomo tuone hizo nywele. Baadaye sana nilikuja kuambiwa kuwa watoto wadogo husema hivyohivyo, ulimi una nywele, kuna kitu kimekwama kooni, mdomo una miba, kwa sababu hawana neno la kuwashwa ndani ya mdomo. Nikamuuliza mwenye nyumba keki ina nini, akaniambia ondoa wasiwasi, haina karanga hata moja, kaipika mwenyewe, ni unga na mayai na siagi na korosho kidogo tu za kusaga.

Korosho kidogo tu.

Nikaangalia shingo yake, mabaka mekundu yameshaanza, yamevimba kama kaumwa na wadudu ishirini kwa mpigo. Nikatoa dawa ya maji ya aleji, nikampa kijiko, nikakaa naye kusubiri. Hapo ndo kosa la kwanza. Baada ya dakika chache akatapika, akatapika tena, mi nikasema ni dawa hiyo imemchefua, mama mmoja pembeni akasema afadhali ametapika maana sumu imetoka. Sote tukapumua. Na kumbe kule kutapika ndo ilikuwa reaksheni yenyewe imehama kutoka kwenye ngozi imeingia tumboni, yaani mwili ulikuwa unaniambia waziwazi kwamba hii si ya ngozi tena, mimi natafuta tambara la kufutia sakafu.

Kisha sauti. Alijaribu kuniita ikatoka sauti ya mtu aliyelia siku nzima, nzito, imekwaruza. Akaanza kikohozi kikavu. Halafu akanyamaza, na huyu mtoto hanyamazi, hata usingizini anaongea. Akaniegemea akawa mlegevu. Hapo ndo nikamnyanyua, nikamweka begani kichwa juu, nikatoka mbio. Kosa la pili, nitalirudia huko chini kwa sababu ndo lililonitisha zaidi nilipolielewa.

Hospitali kulikuwa na daktari kijana wa zamu, akaanza kutafuta mshipa mkononi ili ampe steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, na dawa ya aleji ya sindano. Mishipa ya mtoto ambaye presha inashuka inajificha, akachoma mara moja akakosa, akahamia mkono wa pili. Akaja nesi mtu mzima kidogo, akamwangalia mtoto usoni sekunde mbili hivi, akasema kwa upole kabisa, "Dokta, adrenalini kwanza." Kisha akanigeukia mimi: "Mama, mshushe. Mlaze hapo. Usimwinue." Akavunja kichupa, akavuta dawa, akashika paja kwa nje katikati, akachoma. Nilitazama saa ya ukutani. Toka ulimi wenye nywele hadi sindano ile, kama dakika 25.

Dakika tano, sita hivi baadaye rangi ya midomo ikaanza kurudi, kifua kikaacha kupiga filimbi. Maneno yake ya kwanza yalikuwa "nataka kukojoa." Nikataka kumnyanyua nimpeleke chooni, nesi akaniwekea mkono kifuani, si kwa ukali, akasema atakojolea hapohapo kitandani, tutabadilisha shuka. Nikafungua mkoba kutafuta leso nijifute uso. Kalamu ikadondoka sakafuni. Nesi akaiokota, akaisoma, akaniangalia.

"Hii ya nani, mama?"

Sikujibu. Akaiweka mezani taratibu, akaendelea na kazi yake.

Nimekaa na hilo swali miaka sasa, na nilichokuja kugundua baada ya kuongea na wazazi wengine na watu wazima wenye aleji zao ni kwamba wala si mimi peke yangu. Wenye dawa mkononi wanaochelewa kuitumia ni wengi, na sababu zao zinafanana utadhani wamekaa kikao. Ya kwanza ni kwamba sindano inaonekana ni kitu cha mwisho. Unaanza na kidonge, kikishindwa unasubiri, hali ikiwa mbaya kabisa ndo unachoma. Ukiwaza hivyo sindano inageuka kuwa kama kukiri kwamba mtoto anakufa, na nani anataka kukiri hilo kwenye sherehe, mbele ya watu, na maputo. Ya pili ni kuogopa adrenalini yenyewe, kwamba inasimamisha moyo. Ya tatu ni aibu. Naisema aibu kwa sababu watu hawaitaji: hutaki kuonekana mama wa visa, hutaki kuharibu siku ya mtoto wa mwenzio kwa mabaka ambayo labda yataisha yenyewe.

Sasa hiyo ya pili niongee kidogo maana imejaa uzushi. Adrenalini ni kemikali ambayo mwili wako unaitengeneza kila siku, ndo ile inayokupandisha mapigo ukikoswakoswa na gari. Dozi ya msuli kwa anafilaksia, yaani aleji kali inayoshambulia mwili mzima kama ile ya mwanangu, ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, kwa mtu mzima haizidi 0.5. Kalamu za watoto zina 0.15, za wakubwa 0.3. Ukishachomwa unatetemeka, unapauka, moyo unaenda mbio, kichwa kinaweza kuuma, unahisi hofu, na hayo yanapita baada ya muda mfupi. Ajali mbaya za adrenalini unazozisikia nyingi ni za watu waliopewa kwenye mshipa kwa dozi isiyo sahihi, na hiyo ya mshipa ni kazi ya wataalamu wenye mashine ya kufuatilia moyo, si yako wala yangu. Ya msuli wa paja, kwa mtu anayepata anafilaksia, hakuna hali ambayo madaktari wanasema huyu asichomwe kabisa. Hata mzee mwenye moyo mbovu. Kwa sababu mbadala wake ni presha kuanguka, na moyo mbovu ndo hauwezi kuistahimili hiyo.

Kwa nini kidonge hakitoshi? Hapa lazima tuingie ndani ya mwili kidogo, vumilia.

Mtu mwenye aleji ya chakula anakuwa na kingamwili za aina ya IgE zilizojipachika juu ya seli fulani zinazoitwa seli za masti, na hizi zimetapakaa ngozini, kwenye njia ya hewa, tumboni, kando ya mishipa ya damu. Protini ya korosho au karanga au samaki au maziwa ikifika, inazishika zile IgE mbilimbili, na seli inafunguka na kumwaga mzigo wote wa kemikali. Histamini imo, ndiyo, lakini imo pia triptesi, zimo leukotrini, na wengine kibao. Mishipa inalegea na kuanza kuvuja. Kwenye reaksheni kali hadi asilimia 35 ya ujazo wa damu inayozunguka inaweza kuvujia nje ya mishipa ndani ya dakika 10. Soma tena hapo. Hajakatwa popote, hajatoka tone la damu, lakini ndani ya mishipa ni kama mtu aliyepoteza damu theluthi moja. Wakati huohuo njia za hewa zinabana na koo linavimba.

Antihistamini, yaani hiyo dawa ya aleji ya kidonge au ya maji, kazi yake ni kuziba mlango wa histamini tu, na inachukua nusu saa, saa nzima kufanya kazi vizuri. Inatuliza mwasho, inapunguza mabaka. Presha haiinui na koo halifungui. Kwa hiyo ukimpa kidonge mabaka yanapungua, unaona anapona, kumbe umefuta maandishi tu, moto uko palepale. Steroidi nazo zinachukua saa kadhaa. Mwongozo wa Uingereza wa 2021 umeziondoa antihistamini kwenye matibabu ya mwanzo ya anafilaksia, na steroidi wanasema zisitolewe kama kawaida tu. Adrenalini peke yake ndo inabana mishipa iliyolegea, inafungua njia za hewa, inaupa moyo nguvu, na inazizuia zile seli za masti zisiendelee kumwaga. Kazi nne, sindano moja, dakika chache.

Kuna mambo mawili ya historia ambayo siachi kuyafikiria. Mwaka 1901 Jokichi Takamine, mkemia wa Kijapani aliyekuwa Marekani, alitangaza amefanikiwa kuipata adrenalini safi kutoka kwenye tezi za wanyama. Mwaka uliofuata, 1902, Charles Richet na Paul Portier huko Ufaransa walikuwa wanachunguza sumu ya viumbe vya baharini, wakawa wanajaribu kwa mbwa. Mbwa mmoja aliyeitwa Neptune alipewa dozi ndogo hakupata shida. Siku 22 baadaye wakampa tena, kiasi kilekile, akaanza kuhema, akaanguka, akatapika, akafa. Richet aliita kitu hicho anafilaksia, na 1913 akapewa Nobeli kwa kazi hiyo. Yaani dawa na ugonjwa vimepata majina yao miaka miwili inayofuatana, na zaidi ya miaka mia baadaye mimi nasimama na dawa begani natafuta tambara. Na unajua Neptune alichukua muda gani kufa? Dakika 25. Niliposoma hiyo ilibidi nifunge kompyuta nitoke nje.

Muda ndo kila kitu hapa. Daktari mmoja wa Uingereza, Richard Pumphrey, alipitia vifo vya anafilaksia nchini kwake na kuchapisha mwaka 2000: kwa waliofariki kwa chakula, muda wa kati hadi pumzi au moyo kusimama ulikuwa dakika 30. Kwa waliong'atwa na nyuki au nyigu 15. Kwa waliopata kutokana na dawa za hospitalini, 5. Kwa hiyo kwenye chakula una kidirisha, lakini ukikitumia kusubiri kijiko cha dawa kifanye kazi, unafika hospitali kidirisha kimeshafungwa.

Na huyohuyo Pumphrey mwaka 2003 aliandika kuhusu kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwa mtu yeyote, na hili ndo lile kosa langu la pili. Aliona kuna watu walikufa ndani ya sekunde chache baada ya kuinuliwa: walikuwa wamelala, mtu akawakalisha, au akawasimamisha wapande gari, wakaondoka. Ukishaelewa ile asilimia 35 inaeleweka. Damu iliyobaki kwenye mishipa ni chache, miguu imelegea imeibakiza chini, ukimsimamisha hiyo chache nayo inashuka, moyo unakosa cha kusukuma. Unapiga, lakini mtupu. Hata ukichoma adrenalini wakati huo, damu ya kuibeba toka pajani kufika moyoni haipo.

Mi nilimbeba begani, wima, nikakimbia.

Kwa hiyo: alale chali, miguu juu kidogo. Akishindwa kupumua akilala, mkalishe, miguu ibaki imenyooka mbele, asining'inize. Akitapika au akizimia mlaze ubavu. Mama mjamzito alale ubavu wa kushoto. Mtoto mchanga usimlaze kifudifudi mapajani mwako, mshike amelala, usimsimamishe begani. Na hata akisema sasa nipo poa, nataka kwenda chooni, asiende. Choo kimeua watu, kweli kabisa, maana tumbo linakata, mtu anaona aibu, anajifungia peke yake, anasimama.

Watu wananiuliza sana, nitajuaje kama imefikia pa kuchoma? Nawajibu hivi. Mabaka peke yake, mwasho peke yake, mdomo umevimba kidogo, basi kaa ukimwangalia kwa macho mawili, dawa ya aleji inafaa. Ngozi pamoja na kitu kingine, kwa maana ya kupumua, presha, au tumbo linalokata vibaya na kutapika mfululizo, choma. Na kama amekula kitu anachojulikana kuwa na aleji nacho halafu sauti ikabadilika, au kifua kikabana, au akawa mlegevu na kizunguzungu, choma hata kama ngozi ni safi kabisa. Hiyo watu hawaiamini. Mtu mmoja hadi wawili kati ya kumi wenye anafilaksia hawatoi baka hata moja. Kwa watoto wadogo angalia tabia, anaishikilia shingo, analia bila sababu kisha ananyamaza ghafla. Wakubwa wengine wanakwambia "nahisi nakufa" kabla dalili nyingine haijaonekana, na hiyo ni dalili yenyewe, imo kwenye vitabu vya udaktari, usimwambie atulie aache uoga.

Ukiwa njia panda, choma. Uliyemchoma bila ulazima atatetemeka nusu saa atakununia. Ndo hivo tu.

Na kwa nini paja? Mtafiti Estelle Simons na wenzake huko Kanada mwaka 1998 walipima watoto: waliochomwa kwenye msuli wa paja, dawa ilifika kilele kwenye damu kwa wastani wa dakika 8. Waliochomwa chini ya ngozi ya mkono, dakika 34. Dawa ileile. Paja la nje lina msuli mkubwa wenye damu nyingi, na unaweza kuchoma juu ya suruali, usianze kumvua mtu jinzi ili upate ngozi. Epuka tu mfuko wenye funguo na mshono mnene.

Mara ya pili ilitokea mwaka mmoja na miezi baadaye, nyumbani, mchuzi wa tambi wa kopo ambao kwenye lebo korosho iliandikwa vizuri tu ila mimi sikusoma kwa sababu kopo la wiki iliyopita halikuwa nayo. Kampuni hubadilisha mapishi. Soma kila mara, hata kitu ulichokinunua mara mia. Akakohoa mara tatu. Akaweka uma chini akasema "mama, imekuja." Mabaka kidevuni, na kile kikohozi nikakitambua palepale.

Mikono ilitetemeka, sitadanganya. Lakini nilikuwa nimeshafanya mazoezi na kalamu zilizoisha muda, nachoma chungwa, nimechoma machungwa mpaka baba yake akawa anakagua kabla ya kumenya. Nikamlaza kwenye zulia. Baba yake akapiga simu ya dharura, nikamsikia anasema neno "anafilaksia" kama tulivyokubaliana, si "aleji", maana ukisema aleji wanakuuliza ameanza lini. Mtoto akaanza "mama usinichome, mama tafadhali, nitakunywa ile dawa tamu." Nikamkalia miguu, goti langu juu ya miguu yake, mkono wa kushoto umekamata paja lisiende kokote. Hili la kushika usilipuuze, watoto wakiruka sindano ikiwa ndani inachana nyama. Nikang'oa kifuniko cha bluu, nikashika kalamu kwa ngumi, kidole gumba hakikai juu ya ncha yoyote kwa sababu kuna watu wamejichoma gumba kwa kushika kichwa chini miguu juu. Ncha ya rangi ya chungwa pajani. Nikasukuma mpaka ikalia tak. Nikahesabu moja, mbili, tatu kwa sauti, nikatoa. Tone moja la damu, dogo kama punje. Nikasugua kidogo.

Alilia kwa hasira. Nilifurahi kusikia kile kilio, mtu anayelia hivyo ana hewa.

Nikaandika saa kwa kalamu ya rangi mgongoni mwa mkono wangu, 1:12, kwa sababu baada ya dakika 5 kama hajapata nafuu unachoma ya pili, ndo maana unatembea na mbili siku zote, na kwenye taharuki hakuna anayekumbuka saa. Haikuhitajika wakati ule. Ambulensi ilipofika alikuwa anatetemeka kama kaloa mvua, anauliza kama atapewa zawadi. Wakambeba amelala. Sikuruhusu atembee hata hatua mbili za mlangoni na yule kijana wa ambulensi akanitazama akatikisa kichwa cha kukubali.

Hospitali wakamwekea oksijeni, wakampa dripu, wakamfuatilia presha. Baada ya saa mbili yuko mzima anachora. Daktari akasema tutakaa tuone, akanieleza kuna wimbi la pili, kwamba kwa baadhi ya watu, kama mmoja kwa ishirini hivi, reaksheni inarudi bila kula chochote, mara nyingi ndani ya saa 12 ingawa inaweza kuchukua hadi saa 72, na kwamba waliochelewa kuchomwa au waliohitaji dozi zaidi ya moja wako kwenye hatari zaidi. Nilitaka kwenda nyumbani. Nilikuwa nanuka mchuzi, sijala. Nikabaki, na saa ya saba akaamka usingizini anajikuna mgongo, anakohoa kile kikohozi. Wakamchoma tena palepale, paja la pili. Hapo nikaelewa kwa nini hawamruhusu mtu baada ya saa moja hata akiwa anacheka.

Nirudi kwenye kalamu, maana kuna ukweli mchungu: nchi nyingi duniani hazina kabisa. Kalamu ya kisasa ilitoka kwenye sindano za kijeshi za kujichoma dhidi ya gesi ya sumu, EpiPen ikaidhinishwa Marekani 1987, na hadi leo mahali pengi haipatikani au bei yake ni ya kukaa chini kwanza. Ila adrenalini yenyewe, kichupa cha miligramu 1 kwa mililita 1, ni dawa rahisi na ya zamani, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Daktari anaweza kukufundisha kuivuta kwa bomba la sindano, na kukuandikia dozi yako kwa uzito wako kwenye karatasi. Mfanye akuone ukiivuta, zaidi ya mara moja. Kwenye hofu kuvunja kichupa na kuhesabu vijistari si mchezo, unaweza kuvuta mara kumi ya kinachotakiwa, kwa hiyo wapo wanaoweka alama ya rangi kwenye bomba. Tangu Agosti 2024 Marekani wameidhinisha pia ya kupuliza puani, neffy, kwa walioogopa sindano, nadhani miaka ijayo hapo ndo mchezo utabadilika.

Usiiweke friji, usiiache kwenye gari juani. Angalia kidirisha chake, maji yakiwa ya kahawia au yana chembe, tafuta nyingine. Ikiwa imepita tarehe na huna nyingine na mtu anaumia, na maji ni maangavu, tumia hiyohiyo.

Binti yangu ana miaka saba sasa. Kalamu ya mazoezi, isiyo na sindano, kaichukua kuwa yake, na mdoli wake ana aleji ya kila kitu, kuanzia mkate hadi mito ya kochi. Juzi nikapita sebuleni nikakuta mdoli kalazwa kwenye zulia, miguu kaiinulia juu ya kitabu, kalamu imeshapigwa pajani, na yeye anahesabu. Nikainama nimwokote yule mdoli nimrudishe kwenye kikapu.

"Hapana mama," akanishika mkono. "Usimwinue."